Programu Inayotambua Nyuso

9 Januari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ulikuwa karibu kuniamkia. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, la kulia halina neno, kwa hiyo napanda kwa zamu. Paa la chumba cha mbele limezibwa. Fundi alikuja siku tatu baada ya siku aliyoahidi na bado alitaka nimsifu. Mwambie mkeo kile kitambaa alichoniletea nimeshakishonea gauni, na limenikaa kama nilipimwa.

Sasa nikuambie shida yangu. Juzi alikuja mama mmoja, mtu mzima, anatafuta picha ya harusi ya wazazi wake. Ya kwao iliungua pamoja na nyumba. Nikamwambia keti, nikaiwasha ile kompyuta uliyoniwekea mfumo wa Linux. Siku mbili, mwanangu! Picha elfu thelathini na moja tulizoskani mimi na wewe likizo iliyopita, zote zina namba tupu kama mahabusu. Mwishowe niliacha kompyuta nikaenda kabatini kwenye filamu, nikaipata kwa saa moja, kwa sababu bahasha zangu nazikumbuka. Yule mama alilia, na mimi nikalia naye. Lakini nina miaka sabini na moja. Siku nikiondoka, bahasha hizi nani atazikumbuka? Nimepiga picha mji mzima, na mji mzima utabaki namba.

Kwa hiyo nataka programu ya kupangia picha, na wewe ndiye fundi wa kompyuta, chagua. Masharti yangu ni haya na sibishani. Isitake intaneti, maana sina na sitaki. Isiguse namba zangu za bahasha, kwa sababu ndizo zilizoiendesha studio hii tangu siku niliyofungua mlango. Na niweze kuandika jina la mtu, likae na picha yake hata kompyuta ikifa. Mimi na hii kompyuta sijui nani atatangulia.

Usinipigie simu. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Andika.

Shangazi yako

27 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika, na mke wangu ameisoma kabla yangu, kama kawaida yake. Anasema gauni ulipigie picha. Sisi hatujambo. Hapa maktaba wamenunua kompyuta arobaini mpya, na zile za zamani zote zimemwagwa ofisini kwangu, napita ubavu ubavu mpaka kwenye kiti. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani isiyokauka. Jengo zima tuna soli za kijani.

Nimejaribu programu tatu kwenye nakala ya picha zako, ile niliyoondoka nayo kwenye diski. Ya kwanza ni gThumb, ambayo tayari imo kwenye kompyuta yako. Nyepesi hiyo, inafunguka kabla hujamaliza kukaa, na inakuonyesha folda zako kama zilivyo. Kwa kutazama tu, inatosha kabisa. Ya pili ni Shotwell. Nzuri na safi, ila inapenda kupanga picha kwa tarehe, na sisi tarehe tulizonazo ni za siku tulizoskani. Kwa hiyo maisha yako yote ya kazi yakajipanga ndani ya mwezi wa Agosti mwaka jana! Kosa ni letu, si lake.

Ya tatu ni digiKam, na hii ndiyo yako. Folda na namba za bahasha inaziacha palepale. Ukiiamuru kwenye mipangilio, jina unaloliandika linaingia ndani ya faili la picha lenyewe. Kompyuta ikifa, unachomeka diski kwenye nyingine na majina yote unayakuta. Tena ina jambo moja litakalokufurahisha: inatambua nyuso. Inazikusanya zote, na ukishampa mtu jina kwenye picha tatu nne, inaanza kukuuliza yenyewe, huyu naye si yuleyule? Unakubali au unakataa. Inakosea mara nyingi, lakini haichoki.

Kwenye bahasha hii kuna flashi. Ndani yake kuna programu nzima pamoja na data za nyuso, hutahitaji intaneti hata kidogo. Hatua zote nimekuandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na usiniambie herufi kubwa ni za wazee. Ukishaandika majina ya mia chache, nakili picha hizo kwenye flashi unirudishie, niangalie kama majina yameingia ndani kweli.

Mtoto wa kaka yako

20 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limenyamaza. Jirani wa duka la viatu ameozesha binti yake wa pili, sherehe ilikuwa kubwa na spika mbovu. Nilipiga picha kumi na mbili tu, kwa heshima.

Hii mashine yako ina akili na ina ujinga, yote mawili kwa pamoja. Imeona uso kwenye saa ya ukutani. Imeona uso kwenye doa la pazia langu la nyuma, lile la mawingu. Imeniambia muuza nyama ni mama yake mzazi, na haki ya Mungu, nilipotazama vizuri, kweli wamefanana. Naamka, nachemsha chai, navaa aproni yangu ya kazi na kuketi mbele yake kama zamani nilivyokuwa nikiketi chumba cha giza cha kusafishia picha. Nimeshaandika watu mia nne na kumi na mbili, kila mmoja jina lake na la baba yake. Juzi mama mwingine alikuja kutafuta picha ya mumewe. Nikaandika jina, ikaja kabla hajavuta kiti. Alinitazama kama mchawi. Nilijisikia vizuri sana, nisikufiche.

Lakini nimewaza jana na leo. Hili jambo la nyuso tuliache. Kompyuta inapata moto, feni inalia, na umeme unaliwa. Tena si adabu mashine kuchungulia watu waliokwisha kufa. Ile gThumb inanitosha, nitaandika majina polepole kwa mkono wangu. Na wewe huko usiihangaishe hiyo nakala yako. Ifute hiyo digiKam, una kazi nyingi maktaba.

Flashi hii hapa. Angalia tu kama majina yameingia, usipoteze muda kwa mengine.

Shangazi yako

11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole na spika mbovu. Mke wangu anakusalimu, amepandishwa cheo, sasa anasimamia watu sita na wote wanamwogopa. Mimi pia.

Majina yameingia ndani ya picha, yote. Hongera sana. Lakini hoja zako, Shangazi, hazisimami. Moto na feni ni kwa sababu ya kutafuta nyuso kwa mara ya kwanza. Ikishamaliza inatulia. Umeme inaokula ni mdogo kuliko wa birika lako la chai. Na tangu lini umejali adabu ya kuchungulia watu? Umewachungulia kwa lenzi miaka arobaini na mitatu. Tena mwenyewe unasema ulijisikia vizuri. Sasa ghafla umeshikwa na nini?

Nikuambie nilichokiona, labda utanisaidia kucheka. Nilichanganya majina yako na nakala yangu, digiKam ikaanza kuropoka. Muuza nyama akawa Kocha. Padri mmoja akawa Mgeni. Nikasema hapa kuna kitu kinaichanganya. Nikatafuta, nikakuta umempa mtu mmoja majina sita. Fundi bomba, Karani wa posta, Kocha, Mgeni, Mpwa wa mwenye duka, na kwenye ya sita umeandika Sijui. Wewe uandike Sijui! Wewe unayemkumbuka mtu kwa mafua aliyokuwa nayo siku ya picha!

Nikayafuta majina yale sita nione mashine itasema nini yenyewe. Ikaniuliza kama ni mimi. Nikakataa, ikaleta nyingine, ikaniuliza tena kama ni mimi. Mke wangu akapita nyuma na bilauri ya maji, akasema, "Hii ulipiga lini? Na hilo koti ni la nani?" Nikamwambia hiyo picha imenizidi umri. Hakucheka.

Namba zako za bahasha, zinazoanza na mwaka na mwezi, zinasema picha zote sita zilipigwa ndani ya miezi minne, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Zote ni za kitambulisho. Mtu gani anapiga picha ya kitambulisho mara sita kwa miezi minne? Ni nani huyu? Ni ndugu yetu wa mbali?

Mtoto wa kaka yako

30 Machi

Mwanangu,

Mpongeze mkeo, awakaze hao sita. Mimi mzima. Mvua imenyesha na paa halikuvuja, kwa hiyo yule fundi nimemsamehe nusu. Duka la viatu limewekewa kioo kipya. Nimeanza kuzoea gThumb, ni nyepesi kweli kama ulivyosema.

Kuhusu hizo picha, umedanganywa na koti. Lile koti la kijivu lilikuwa la studio. Lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mwanamume aliyekuja bila koti alivalishwa. Nusu ya mji imelivaa. Wembamba nililibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, wanene nililiacha wazi. Ukiweka wanaume sita ndani ya koti moja, na pazia moja, na taa ileile, watafanana tu. Mashine inatazama koti inasema uso. Ndiyo maana nilikuambia haina akili.

Hakuna ndugu wa mbali. Ndugu zetu wote unawajua. Wengine laiti usingewajua.

Ifute hiyo programu kama nilivyokuambia. Mimi ndiye mwenye picha, na nilichosema nimesema.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Programu haitazami koti. Inakata uso peke yake, kuanzia nywele hadi kidevu, na inakuwekea vipande mezani. Vipande sita ninavyo hapa. Sikio la kushoto limesimama zaidi kidogo kuliko la kulia. Langu pia. Mke wangu amenipima kwa rula, tukitaka kucheka, na hatukucheka.

Kisha nikaleta picha za baba. Nilikaa nazo kutwa nzima, Jumapili. Nilitafuta kitu kimoja tu, pua, paji la uso, chochote. Sikupata. Mashine nayo haikuniuliza hata mara moja kama baba ni mimi.

Mama alifariki nikiwa na miaka saba. Baba huu ni mwaka wa tatu. Nimebaki na wewe peke yako wa kumuuliza, na nitauliza mara moja tu. Huyu mtu ni baba yangu?

Usiniandikie habari za paa.

2 Juni

Mwanangu,

Umesubiri wiki sita, nisamehe. Hii barua nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, nikakutukana wewe na kompyuta yako. Ya pili ilikuwa ya uongo mzuri kuliko ule wa koti. Hii ndiyo ya tatu.

Ndiyo. Huyo ndiye aliyekuzaa.

Mama yako alikuwa akifanya kazi kwangu. Alikaa meza ya dirishani na brashi ndogo kabisa, akipaka rangi picha nyeusi na nyeupe, mashavu, midomo, maua ya maharusi. Hakuna aliyemfikia. Yule bwana alikuwa fundi wa nyaya za umeme, amekuja na kampuni yake kuvuta laini, amepanga chumba mtaa wa pili. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Wiki mbili baadaye akaja tena, ati ya kwanza imelowa. Ya tatu, ati imepotea. Ilipofika ya sita hata sababu hakutoa. Alivaa koti, akaketi, akageuza macho dirishani. Utaona kwenye picha zote sita hatazami lenzi. Anamtazama mama yako.

Kampuni ikahama, naye akahama nayo. Mama yako alikuwa hajajijua kama ana mimba. Alipojua, aliandika barua mbili kwa anwani aliyoachiwa. Hazikujibiwa, na mimi siwezi kukuapia kwamba zilifika. Sitamsingizia mtu nisilolijua.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa akinitengenezea fremu. Alimpenda mama yako tangu siku ya kwanza alipomwona na brashi yake, na aibu yake ikamfunga mdomo. Siku niliyomwambia hali ya mama yako, alikuwa ameshika fremu ya kidole kimoja upana, anaipiga msasa. Hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Atanikubali mimi?" Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Akaenda na vumbi la mbao kichwani. Alioa akijua, mwanangu. Hakuna aliyemdanganya.

Aliniambia tutakuambia ukifika miaka ishirini. Ukafika. Akasema ishirini na tano. Ukafika, ukaoa, akasema mwache amalize fungate. Mwanamume aliyekuwa habanduki mbele ya msumeno, hilo lilimshinda. Alipofariki likabaki kwangu, na mimi nikaona nitakufa nalo na yaishe.

Ndipo ukaniletea hiyo programu. Nilikuwa nimeandika jina lako kwenye picha za harusi yako. Nikabonyeza. Ikamleta yeye, ikaniuliza kama ni wewe. Nikaenda kabatini nikaitoa filamu yake. Kuchoma filamu sijawahi tangu nianze kazi hii, na sikuweza kuanza na ya kwake. Nikasema nitampa majina mengi, mashine isimpate. Nikajiona mjanja! Nimeketi hapa na aproni yangu nadanganya kompyuta, kisha naituma flashi kwa fundi wa kompyuta.

Sikuficha kwa ajili ya heshima ya kaka. Heshima yake haitikisiki kwa hili. Nilificha kwa ajili yangu. Mimi ni shangazi yako kwa sababu ya kaka yangu. Ukimwondoa kaka hapo katikati, mimi ni nani kwako? Mpiga picha wa mtaani. Sina mtoto, unajua. Niliogopa, mwanangu, niliogopa kama mtoto mdogo.

Jina lake la kweli, na la baba yake, nimeliandika kwenye karatasi iliyokunjwa humu. Ni lako. Na kama hutaki tena kuniita shangazi, niite upendavyo. Nitaitika.

25 Juni

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Ngazi imekauka hatimaye. Kompyuta za zamani zimeondoka, naingia ofisini kwa mbele kama binadamu wengine.

Nilikasirika wiki nzima. Nilimkasirikia baba kuliko wewe, kwa sababu baba siwezi kumwandikia. Miaka yote ile, tumekaa benchi moja tukiunga fremu, mikono imejaa gundi, hana pa kukimbilia wala mimi sina, na hakusema. Nilitamani kumfufua nimpigie kelele dakika tano kisha nimwombe asiondoke.

Kisha nikafungua digiKam, maana kazi ya kupanga ulinipa na sijaimaliza. Nikaanza na baba. Programu ilimpata kwenye picha thelathini na nane tu. Nikasema haiwezekani, mtu alikuwa akishinda studio. Nikaanza kutafuta kwa macho yangu, na kumbe yumo kila mahali. Amegeuka, ameinama, ameshika pembe ya pazia, amebeba fremu imemfunika nusu. Kwenye harusi yangu mwenyewe yuko ukutani ananyoosha picha iliyokaa upande. Mashine haiwezi kumjua kwa sababu inataka uso. Mimi namjua kwa mgongo. Namjua kwa kiwiko. Nikamchorea visanduku kwa mkono, kimoja kimoja, nikaandika Baba kwenye kila kimoja. Ni mia mbili na tisa. Mke wangu alileta chakula, akakiondoa kimepoa, akaleta kingine.

Karatasi niliikunjua siku ya nne. Nimelisoma jina kwa sauti, kusikia linavyosikika. Yale majina yako sita nimeyaunganisha, sasa ni mtu mmoja mwenye jina lake. Sijui kama nitamtafuta. Huenda. Nikiamua, wewe utakuwa wa kwanza kujua, kwa sababu utanisaidia kuandika barua, mimi sina maneno yako.

Nimegawa majina yote katika makundi mawili, ili upate mtu upesi. Kundi moja Ukoo, kundi moja Wateja. Ukoo tuko wachache. Babu na bibi, mama, baba, mimi, mke wangu, na wewe. Yule bwana nimemweka Wateja. Alikuja kupiga picha, akapigwa, akaenda.

Na hilo ulilouliza mwisho, kuhusu kukuita. Shangazi, usinichekeshe. Nani alinipeleka shule siku ya kwanza akagombana na mwalimu mlangoni? Nani alikuja kulala nasi mama alipoondoka, akakaa miaka miwili, akiacha studio na mji mzima ukimsubiri? Ningekuwa nimeokotwa barabarani bado ungekuwa shangazi yangu. Hilo sibishani na mtu, na wewe usilirudie.

Diski yenye kila kitu nimeifunga kwenye sanduku na karatasi za magazeti. Rudi kwenye digiKam, uachane na hiyo gThumb. Ni nzuri, lakini wewe hukuwa unaitaka, ulikuwa unajificha ndani yake.

Mtoto wa kaka yako

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mwambie mkeo ahsante kwa kile chakula cha pili.

Diski imefika salama. Nimemtazama kaka yangu kwenye visanduku vyako vyote mia mbili na tisa. Kimoja umekosea, ule mgongo ulio kwenye picha ya kwaya ni wa fundi bomba, fundi bomba wa kweli. Nimekirekebisha. Vingine vyote ni yeye, na umemjua hata pale ambapo mimi nisingemjua. Watu nao wameanza kuja tangu habari zienee. Leo asubuhi walikuwa wanne kwenye benchi, wote wanataka wazazi wao, na wote wameondoka nao.

Sasa nikuambie nilichofanya bila ruhusa yako. Umepanga vizuri, lakini pale kwenye Wateja niliikuta ile picha ya yule bwana iko kati ya muuza nyama na mwenye duka la viatu. Siku mbili nilikubali. Nikasema sawa, akae hukohuko, si alikuja akaenda. Siku ya tatu nikavaa aproni, nikaketi, nikamkamata kwa kipanya. Nikamburuta taratibu mpaka kwenye Ukoo, nikamshusha chini ya kaka, si juu yake. Mashine ikaniuliza kama nataka kumhamisha au nighairi. Nikamhamisha.

Usinigombeze. Kaka yangu angefanya hivyohivyo, tena bila kuinua kichwa. Mtu aliyetuletea wewe hawezi kukaa na wateja.

Shangazi yako